Tumbawe la Kinyozi

Wapendwa, kabla hatujatoa shukrani zetu, nipeni masikio kidogo.

Kinyozi mmoja wa mji wa pwani alifiwa na mkewe. Mama yule alikuwa na tangi dogo la kioo, halizidi ndoo ya maji, na humo alikuza matumbawe laini. Msidhani ni mawe. Ni viumbe hai, vina vidole vinavyopepea majini, na vikiudhiwa hujikunja. Wakati wa msiba hakuna aliyekumbuka kubadilisha maji. Yakafa yote, likabaki moja tu, dogo kama kidole gumba. Kinyozi akalihamishia tangi kwenye kibanda chake cha kazi. "Hili nalo likifa," alisema, "nitakuwa nimemzika mke wangu mara mbili."

Sasa vinyozi mnawajua. Kwao mteja hakosei. Mteja wa kwanza, povu bado kidevuni, akatupa jicho kwenye tangi: "Fundi, hicho kitu kinataka mwanga. Kipandishe." Kinyozi akafuta mikono, akalipandisha. Wa pili akasema, "Litaungua hilo! Lishushe." Akalishusha. Wa tatu, ambaye baharini huenda Pasaka kwa Pasaka, akaamuru liwekwe mbele ya pampu lipate mkondo. Hivyo hivyo wiki tatu nzima. Tumbawe likajikunja likawa kama zabibu kavu. Jamani, hata sisi si tungejikunja?

Kinyozi akamwita shoga wa marehemu, ndiye aliyempa mkewe tumbawe lile. Mama huyo akainama, akachungulia.

"Shemeji, hapa limekaa tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Na jana?"

"Jana lilikuwa juu. Juzi, chini."

"Basi halina ugonjwa. Hili lazima lishike jiwe kwanza, ndipo likue. Wewe kila likianza kushika, unalibandua."

Akalifunga kwa uzi kwenye jiwe la katikati, mahali mwanga si mkali na maji yanapita polepole. "Maji badilisha kama kawaida," akasema. "Lakini tumbawe usiliguse mpaka nirudi."

Siku ya tano likafunikwa na utando mweupe kama nta. Mteja akaruka kitini: "Limekufa hilo! Litoe kabla halijakuozea!" Kinyozi akakunja shati, akatia mkono majini. Wapendwa, ninyi mngefanya nini? Alisimama vile, mkono ndani ya tangi, machozi yanamtoka mbele za watu. Kisha akautoa mkono mtupu. "Kaa chini, bwana," akasema, "nimalize kukunyoa."

Siku ya nane utando ulijivua wenyewe, ukaelea. Chini yake tumbawe lilikuwa limefunguka, vidole vyote vinapepea, na mguu wake umeshika jiwe.

Mnadhani alimshukuru Mungu kwa ajili ya tumbawe? Alishukuru, ndiyo. Lakini alipopiga magoti pale juu ya nywele ambazo hajazifagia, alisema jambo jingine kabisa: "Baba, tangu nimzike mke wangu nakuomba kila siku uniondoe katika mji huu. Nilisema husikii. Asante kwa kuwa hukunisikiliza mimi kama ninavyowasikiliza wateja wangu."

Ndugu zangu, kinyozi huyo nimemtunga. Ombi lake sikulitunga. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilimwandikia askofu barua tatu za kuomba uhamisho. Msicheke, wazee wa kanisa, sababu mnazijua! Hakujibu hata moja. Nikanung'unika, nikamwambia Mungu amenitupa. Mwaka wa pili niliugua, mkanilinda hospitali kwa zamu. Mwaka wa nne mama yangu alifariki, mkamzika kama mama yenu. Mambo hayo ningeyapata wapi, kama ningehamishwa kila nilipoona nafaa kuhamishwa?

Sisi huwa tunashukuru kwa tulivyopewa, na ni vyema. Leo nawaomba mwende mbali zaidi. Sadaka mnayo mkononi. Kabla hujaitoa, kumbuka ombi moja ulilonyimwa, hata kama bado linauma. Sisemi sababu utaielewa leo. Pengine hutaielewa hapa duniani. Litaje tu mbele za Bwana, kisha useme asante.

Tusimame. Nitaanza mimi, maana deni langu ni kubwa kuliko lenu: Bwana, asante kwa kunibakiza na watu hawa.