Binti Aliyepita Bila Kuamkia

Sogeeni, mlio mlangoni ingieni, jua ni kali. Nina kisa kifupi tu.

Kulikuwa na binti mmoja wa huku kwetu milimani, akaenda nchi za baridi kulea wazee. Kazi ya kuogesha, kulisha, kugeuza mtu kitandani. Huyo binti alikuwa mtu wa salamu. Akikukuta bondeni anakuamkia, akikukuta kilimani anakuamkia tena, mpaka unamwambia, "Mwanangu, marahaba zangu za leo zimekwisha."

Kule akaamkia vilevile. Jirani wa mlango wa pili akainamia funguo zake. Akapanda basi, kiti cha pembeni yake kikabaki kitupu na watu wamesimama. Dukani mlinzi akamfuata mpaka kwenye sabuni. Siku moja mzee anayemwogesha akamshika kiganja, akamuuliza, "Mikono hii umeinawa kweli?" Binti akacheka, akasema moyoni, mzee anatania. Lakini alipofika kwake akanawa tena, na kesho yake tena, mpaka ngozi ikapasuka.

Mnaona? Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemtukana tusi la kupeleka polisi. Angeshtaki nini, kiti kitupu? Mama yake akipiga simu anaambiwa, "Nipo salama, mama, nakula vizuri." Na kweli alikuwa anakula. Amesimama jikoni peke yake, redio kaiwasha ili nyumba iwe na mtu.

Taratibu akaacha kusalimia. Kisha akaanza kutembea akiambaa na ukuta. Mwisho akawa akijiona kwenye kioo cha dirisha, anageuza uso yeye mwenyewe, kama wale.

Akarudi nyumbani. Mnajua desturi yetu: anayetoka mbali hali chakula kabla hajapita kwa wazee kuwaamkia. Yule binti akapita kichwa chini, mlango huu, mlango ule, hakufungua mdomo. Akaingia kwa mama yake, akafunga.

Basi bombani hapakukalika siku hiyo.

"Ulaya imempanda kichwani."

"Anaona tunanuka moshi."

"Hata shikamoo imemshinda, mh."

Nanyi mngesemaje? Msinidanganye, mko kanisani.

Shangazi yake akaenda kumpa vidonge vyake. "Wewe, umepita mlangoni kwangu kama unapita kichaka. Mimi niliyekubeba mgongoni. Tumekukosea nini?"

Binti akaficha mikono ndani ya kanga. "Nilisimama, shangazi. Nikakuona unapepeta mchele. Nikaogopa."

"Uniogope mimi?"

"Nilidhani ukiniona utaingia ndani."

Shangazi alikuja na maneno tele. Akayaacha yote, akaketi kando yake. Huyu waliyemdhania ana maringo, kumbe hana tena hakika kama yeye ni mtu wa kuitikiwa.

Wapendwa, tukiishia hapo tutawalaumu watu wa kule na kwenda zetu tumeridhika. Walaumuni, wanastahili. Dharau ndogondogo za kila siku hazitoi damu, ndiyo maana anayezifanya analala usingizi mzuri. Lakini zinamtoa mtu ndani ya ngozi yake, anabaki anajitazama kwa macho ya wenzake.

Na hapa kwetu je? Yule mama aliyekimbia vita akahamia huko bondeni, sisi tunamwitaje? "Yule mweusi tii." "Yule mkimbizi." Mahindi yamepandwa na kuvunwa, jina lake hatulijui. Sokoni tunazigusa nyanya zake kwa ncha ya kidole. Aliyempulizia yeye pumzi ni Mungu mwingine?

Anaitwa Nabintu. Nilimuuliza, na maskini alishtuka kuulizwa. Amekaa benchi la nyuma kabisa, peke yake, na ananisikia. Sasa msigeuke wote kwa pamoja mkamtisha. Tukishatoka, mwendeeni mmoja mmoja, mpeni mkono, na mumwite kwa jina.