Jeneza la Mninga

Leo sihubiri kwa sauti ya upole, wapendwa. Mwenye moyo mwepesi anivumilie, na mwenye usingizi aamke, maana mfano wa leo nimeubeba wiki nzima na sitausimulia mara mbili.

Palikuwa na kijiji kimoja pembeni mwa msitu mkubwa. Msinitazame hivyo, sijataja jina la kijiji. Msitu wenyewe ulikuwa wa mininga, ile miti mnayoijua, ambayo ukiikata hutoa utomvu mwekundu, na kila tajiri anataka kitanda chake kiwe cha mbao hizo. Katika kijiji hicho aliishi askari wa misitu mmoja. Kazi yake ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Akikukuta na gogo, anakuuliza kibali. Huna kibali, gogo linakaa chini na wewe unaongozana naye. Basi. Uwe mjomba wake, uwe katekista, uwe mwenyekiti wa kijiji, swali ni lile lile: kibali kiko wapi?

Mnadhani walimpenda? Thubutu! Walimwita Bwana Kibali. Akipita, wanaume waliokuwa wanaongea wanapiga kimya, akishapita wanacheka. Mke wake akienda dukani kutafuta sukari anaambiwa imeisha, na gunia analiona kwa macho yake, limesimama nyuma ya muuzaji. Kwenye harusi walisahaulika. Kwenye ngoma walisahaulika. Kanisani, ndiyo, kanisani, watu walisogea kidogo kumpisha, kisha wakasogea tena zaidi, mpaka akabaki peke yake na mkewe kama wagonjwa. Kosa lake nini? Alikuwa hahongeki. Angekuwa mwizi wangempenda.

Sasa, Jumanne moja, mchana kweupe, alisikia mashine ya kukatia miti inalia msituni. Askari mwenzake akamwambia, "Ngoja tuongezeke, wale ni wengi."

Akamjibu, "Tukingoja mti utakuwa umeshalala chini."

Akatangulia. Akawakuta. Na wapendwa, yule mtu hakuwa na bunduki siku hiyo, alikuwa na swali lake tu. Akawauliza lile swali. Wakamjibu kwa mapanga.

Haya, tazameni sasa maajabu ya wanadamu. Kufika jioni ya siku hiyo, kijiji kizima kilikuwa kimempenda! Alikufa tu, akawa shujaa. Wale waliokuwa wanacheka akipita ndio waliolia kwa sauti ya juu kuliko wote. Mwenye duka akapeleka sukari, tena mfuko mzima. Wakachapisha fulana zenye picha yake kifuani na maneno "Tutakukumbuka Daima." Akina mama wakashona vitenge vya sare. Wakakodi vipaza sauti. Kamati ya mazishi ikawa na kamati ndogo tatu. Nauliza, hawa watu wote walikuwa wapi Jumatatu?

Na kijijini hapo alikuwepo bwana mmoja mfanyabiashara wa mbao, mtu mzito, mtu wa kutoa. Akasimama mbele ya kamati akasema, "Shujaa wetu hawezi kuzikwa kwenye sanduku la hospitali. Jeneza niachieni mimi. Nitamtengenezea jeneza ambalo wilaya hii haijawahi kuliona." Wakapiga makofi. Kwenye msiba, makofi!

Ikafika siku ya maziko, Jumamosi. Mwili ukaletwa kutoka mochwari kwenye sanduku jepesi la mbao za paina, wakauweka sebuleni ili watu wa familia wakae nao kidogo. Mara pikapu ikaingia uwanjani, na juu yake jeneza la yule bwana. Wapendwa, lilikuwa jeneza! Linang'aa, vishikio vya dhahabu dhahabu, kona zimechongwa maua. Watu wakanong'ona, "Kufa huku ndiko kufa." Mwenyekiti wa kijiji akatoa amri lishushwe, liletwe mlangoni, ili marehemu ahamishiwe humo kabla wageni wakubwa hawajafika.

Mjane akatoka ndani.

Mwenyekiti akamwahi, akamwambia kwa huruma, "Mama, rudi ndani upumzike. Hii kazi waachie wanaume."

"Nataka kuliona kwanza," akasema mjane.

Mwanamke aliyefiwa akitaka kuona jeneza la mumewe, nani atamzuia? Wakampisha. Akainama, akafunua kifuniko. Nje lilikuwa limepakwa vanishi likakauka, lakini ndani fundi hakuwa amepaka kitu, maana nani huangalia ndani ya jeneza? Akaingiza mkono, akapapasa ubao wa upande mmoja, akapapasa wa upande wa pili. Mbao zilikuwa mbichi. Alipoutoa mkono, kiganja chake kilikuwa chekundu na kinanata.

Akakitazama kile kiganja. Akakiinua juu, watu wote wakione.

"Mwenyekiti," akasema, "mti huu umetoka wapi?"

"Mama, jamani, leo si siku ya maswali."

"Kwa mume wangu kila siku ilikuwa ya maswali. Kibali kiko wapi?"

Hapo vipaza sauti vilikuwa vinaimba, mtu akakimbia kuvizima. Yule bwana wa mbao akajisogeza mbele, akiwa amevaa miwani ya mbao usoni, maana haya hakuwa nayo, akasema kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "Shemeji, mimi nimetoa kwa mapenzi. Sijamdai mtu hata senti tano."

"Sijakuuliza bei, shemeji. Nimekuuliza kibali."



Mjane akaendelea, na hakulia. Angelia ingekuwa nafuu, wangembeba, wangempepea, wangesema amechanganyikiwa. Hakulia. Akasema, "Mume wangu wamemuua Jumanne. Leo Jumamosi. Ubao huu haujakauka hata kidogo. Mti huu umekatwa yeye akiwa mochwari. Hamkusubiri hata nimzike! Mliona mlinzi amelala, mkaingia. Halafu mnaniletea nimlaze humu ndani?"

Mwenyekiti akamvuta pembeni, sasa ananong'ona, jasho linamtoka. "Mama, nakuomba. Mkuu wa wilaya yuko njiani. Ukilikataa jeneza mbele ya watu, utakiaibisha kijiji. Mzike mwenzio kwa heshima, mengine tutayaongea baadaye."

Na mjane hakunong'ona. Alijibu kwa sauti iliyofika jikoni, kwa akina mama waliokuwa wanapika ugali wa msiba. "Heshima gani? Alipokuwa hai mlimnyima salamu. Salamu tu, haina gharama, mlimnyima! Leo mnampa jeneza la wizi mnaita heshima? Mume wangu halali ndani ya mti alioufia. Nimesema halali. Atazikwa kwenye sanduku lake la paina, miti ya kupandwa, haina deni na mtu."

Wakafikiri amemaliza. Yule bwana wa mbao akawakonyeza vijana wake walirudishe jeneza kwenye pikapu.

"Liacheni hapo!" mjane akasema. "Haliondoki na mwenyewe. Linakwenda kituo cha polisi. Mume wangu angekuwa hai angelikamata. Sasa jueni kwamba amelikamata."

Dereva wa pikapu akakataa kulibeba, akasema gari si lake. Wanaume wakatazamana. Kila mmoja akamwangalia mwenzake mabegani, ajue nani ataanza, na hakuanza mtu. Unajua ni nani walioanza? Wale akina mama wa jikoni. Walikuja na mikono yenye unga, wakajifunga kanga viunoni, wakalinyanyua lile jeneza tupu, wakaondoka nalo barabarani kwa miguu. Nyuma yao sare za vitenge zilibaki zimesimama, hazijui zifuate wapi.

Kituoni polisi wa zamu akashtuka. "Mama zangu, maiti mnaleta hapa?"

"Hamna maiti. Ni mbao zisizo na kibali."

Akachukua kalamu. "Aliyezikamata ni nani?"

Wakamtajia jina.

Akaacha kuandika. "Huyo si ndiye anazikwa leo?"

"Ndiye," wakasema. "Andika."

Akaandika.

Najua mnachokisubiri sasa. Mnasubiri niwaambie wauaji walikamatwa, na yule bwana wa mbao akafungwa, na kijiji kikatubu, mvua ikanyesha. Siwaambii. Mnapenda mifano iishe vizuri ili mkale pilau kwa amani. Mfano wangu unaishia pale kituoni. Sasa tuongee sisi.

Sisi Wakristo ni hodari wa kuzika. Kwa hilo sina ugomvi nanyi, mnazika vizuri. Lakini nauliza, hivi mtu aliyeuawa akilinda kitu, unamheshimu kwa kumsifu yeye au kwa kukilinda kile kitu? Askari amekufa akizuia wizi, nawe unakwenda kumlilia huku tumboni umeshiba wizi ule ule, hayo machozi ni ya nani? Wale waliomkata kwa mapanga walikuwa wachache. Lakini walikuwa na wanunuzi. Walikuwa na majirani waliosikia mashine inalia wakajifanya wanasikia ndege. Walikuwa na sisi. Mimi nawaambia wazi, na mtakaponishtaki kwa askofu mkaseme nilisema: kumsifu askari marehemu huku unanunua mali aliyoifia ni kumuua mara ya pili, na mara hii unamuua wewe mwenyewe.

Mnasema, "Padre, hayo ni ya kijiji cha kwenye mfano." Eti?

Haya. Inamisheni macho mtazame mlichokalia.

Mabenchi haya kumi na mawili yameingia kanisani humu Alhamisi. Mazuri sana. Aliyeyatoa nimeambiwa nisimtaje kwa kuwa hapendi kujionyesha, ingawa yeye ndiye aliyeagiza jina lake lichongwe ubavuni. Leo baada ya mahubiri nimepangiwa niyabariki. Maji ya baraka yako hapo, na kwaya imefanya mazoezi ya wimbo.

Asubuhi, kabla ya misa, dada yetu Eufrasia Haule, ambaye wote mnajua ni askari wa misitu wa tarafa hii, alimwendea huyo aliyeyatoa akamuuliza kwa adabu, "Kaka, mininga hii kibali chake kiko wapi?" Nilikuwa navaa kanzu yangu sakristia, dirisha liko wazi, nimesikia kwa masikio yangu. Akajibiwa, "Dada, hii ni nyumba ya Mungu. Kazi yako iache nje."

Ndiyo maana dada Eufrasia amesimama pale mlangoni tangu wimbo wa mwanzo. Nafasi zipo, mmeziona. Nimewaona pia mnavyogeuka kumwangalia na kugusana viwiko. Nimemwona mama mmoja akisogeza mkoba wake ili kujaza pengo, asije akaketi hapo. Sitamtaja, lakini mkoba wake naujua.

Dada Eufrasia hajafa, wapendwa. Yuko hai! Ana miguu inamuuma kwa kusimama, ana watoto wawili nyumbani, na kesho asubuhi anaingia msituni peke yake. Mnasubiri nini? Mnasubiri aletwe humu amelala ndipo mjue kusimama mbele yake? Mimi sitaki kumzika huyu dada. Sitaki risala yake, sitaki fulana yake, na mkija kwangu siku hiyo kuniomba nimhubirie vizuri nitawafukuza. Namtaka akiwa hai. Heshima ya askari ni akiuliza swali lake ajibiwe. Basi amewauliza ninyi wote, na mimi mmojawapo, ndani ya nyumba ya Mungu. Na Mungu naye anasubiri jibu, msidhani swali la kibali linaishia mlangoni kwake.

Sibariki kitu leo. Kwaya, wimbo huo ufungeni. Mabenchi haya yatatolewa nje baada ya misa, yatakaa uwanjani mpaka kibali kionekane, na kisipoonekana yatapanda gari kwenda kituoni. Mwenye hasira aje anione. Mimi sihami.

Sasa nashuka madhabahuni. Nakwenda kusimama pale mlangoni na dada Eufrasia, na sala ya waamini tutaisali tukiwa kule. Anayetaka kukaa, akae, simlazimishi mtu, ila ajue amekalia nini.

Wengine, inukeni.