Siku Kifaru Alipochanjwa

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa na nyumba, vyungu na majirani wa kugombana nao, surua iliingia ng'ambo ya mto. Watoto wa huko walivimba macho, wakatoka vipele mwili mzima, na wengine hawakuamka tena.

Upande huu, katika kijiji cha Makambala, majirani walikuwa wamemchagua Bi Pimbi aangalie afya zao. Alikuwa mdogo kama kikapu, lakini miguu yake haikuchoka. Siku hiyo alipita nyumba kwa nyumba.

"Kesho asubuhi ni chanjo! Muuguzi Nungunungu anakuja na sindano!"

Kila mlango ulimjibu vilevile: "Kifaru amekataa. Kama yeye hachanjishi mtoto wake, na sisi hatuchanjishi wetu."

Basi Bi Pimbi akaenda kwa Kifaru. "Hodi!"

"Karibu. Ila kama ni habari ya sindano, rudi!"

Uani, Mashavu, binti wa Kifaru, alikuwa akigaagaa mavumbini huku akicheka. Bi Pimbi ndiye aliyempokea mtoto huyo siku ya kuzaliwa. Alipomtazama, moyo ukamuuma.

"Sindano ni upuuzi mtupu!" Kifaru akanguruma. Lakini masikio yake yalitetemeka, tete-tete-tete.

Kumbe! Jirani yangu anaogopa, Bi Pimbi akawaza. Hakumcheka. Alikaa chini, akashusha pumzi.

"Hata mimi nimemwambia Nyati hivyo hivyo. Nimemwambia ngozi ya Kifaru haisikii sindano. Lakini anabisha."

"Anabisha nini?"

"Anasema utalia mbele za watu."

"Mimi? Nilie? Pffuuu! Nitakuja kesho, na mje wote mtazame!"

Asubuhi kijiji kizima kikajaa uwanjani. Kifaru akasimama, macho kayafumba. Nungunungu akatafuta mahali laini nyuma ya sikio. Chwi!

Chozi kubwa kama ndimu likamdondoka.

"Umesikia maumivu?" watu wakauliza.

Kifaru akameza mate. "Si... sijasikia kitu." Sauti ilimtoka nyembamba kama ya mbu.

"Baba hajasikia kitu!" Mashavu akaruka. "Na mimi! Na mimi!"

Alipochomwa akalia "Wiii!" mara moja, kisha akapewa kipande cha muwa akanyamaza. Watoto wengine wakakimbilia foleni, wazazi nyuma yao. Kufika adhuhuri hakuna aliyebaki. Surua ilipovuka mto haikupata mtoto wa kumkamata.

Watu walipotawanyika siku ile ya chanjo, Kifaru alimsogelea Bi Pimbi.

"Hivi kweli Nyati alisema nitalia?"

"Hakusema. Nisamehe, jirani."

Kifaru akamkodolea macho. Halafu akacheka, kwa-kwa-kwa, mpaka vumbi likatimka.

"Iliuma, Bi Pimbi. Iliuma kweli! Siku nyingine niombe tu, nitakuja. Ila unishike mkono."

Hadithi yangu imekomea hapo, wanangu, na funzo lake ni hili: mwenzenu akiogopa msimcheke, msaidieni afike.