Sanamu Iliyoinama

Mwaka ule jua liliwaka bila huruma. Mito ilikauka, nyasi zikawa makapi, na katika nchi yote ya wanyama kikabaki kisima kimoja tu, kile cha chini ya Jabali Kuu. Wanyama walipanga foleni tangu alfajiri, na aliyechelewa alilamba tope akarudi kwake.

Ndani ya jabali hilo mlikuwa na ukumbi wa zamani wa Baraza. Humo babu zake Simba walitunga sheria, wakanguruma, wakasinzia na kupigiwa makofi. Lakini Tembo alipochaguliwa kuwa mjumbe, alikwama mlangoni siku nzima, kichwa ndani na mkia nje, ikabidi Baraza lihamie uwandani. Ukumbi wakaachiwa popo. Simba, ambaye hakupenda kitu cha babu zake kipotee bure, akatoa amri: kila ukoo ulete sanamu ya marehemu wake aliyeitendea nchi jambo kubwa, ili ukumbi uwe mahali pa kumbukumbu.

Mbayuwayu, fundi wa udongo, akapata kazi ya mwaka mzima. Sanamu zikajipanga ukutani: Simba wa kale kifua mbele, Nyati kifua mbele, hata Kanga kifua mbele. Likabaki jiwe moja tupu la kusimamishia sanamu, karibu na kiti cha enzi. Hilo lilikuwa la aliyechimba kisima. Tena halikuwa jiwe tu, kwani sheria ya zamani ilisema ukoo wa mchimbaji uteke maji kabla ya wote.

Mfagizi wa ukumbi alikuwa Muhanga, mfukuaji wa mchwa mwenye pua ndefu na kucha ngumu. Alikuwa mjane, ana watoto watatu na maneno machache. Bibi yake alimwambia mara nyingi, "Mjukuu wangu, kile kisima nilikichimba mimi, kwa kucha hizi." Lakini bibi alikuwa amezeeka sana aliposema hayo, na shahidi hakuwapo. Muhanga alikuwa bado anajikaza aende kwa Simba, Fisi akamtangulia.

"Mtukufu," Fisi alisema barazani, akijifuta machozi yasiyokuwepo, "mchimbaji ni babu yangu mzaa baba. Alichimba siku saba bila kula."

"Fisi? Bila kula?" Sungura akauliza kutoka nyuma.

"Ndiyo maana akafa," Fisi akajibu haraka.

Wanyama waliangua kicheko, lakini Simba hakucheka. Alipenda mno habari za mababu waliokufa kishujaa. "Kuna mwenye neno la kupinga?" akauliza. Muhanga akakumbuka kwamba hana shahidi, akarudi kwenye ufagio wake.

Basi jiwe likawa la Fisi, na maji pia. Tangu siku ya pili ukoo wake uliteka kwanza, wakanywa, wakaoga, wakasukutua na kutema. Waliobaki waligombea tope. Mtoto mdogo wa Muhanga akaacha kucheza, akawa analala tu mchana kutwa, ulimi umemkauka. Hilo lilimuuma mama yake kuliko sanamu zote za dunia.

Ule ukumbi ulikuwa na siri moja iliyojulikana na mfagizi peke yake. Ukuta wake ulikuwa wa mviringo, na aliyenong'ona mlangoni alisikika nyuma ya kiti cha enzi kana kwamba yuko hapohapo. Asubuhi moja Muhanga alikuwa ameinama nyuma ya kiti hicho akizoa kinyesi cha popo, Fisi na mkewe wakaja kuiangalia sanamu yao kabla haijafunikwa majani. Walisimama mlangoni wapate kuiona vizuri kwa mbali.

"Mume wangu," mke alinong'ona, "hivi kweli babu yako alichimba?"

"Babu? Hakuchimba hata shimo la kufichia mfupa," Fisi akanong'ona. "Lakini wewe nyamaza. Maji si unaoga?"

Muhanga akakaa chini, ufagio mkononi. Alimkumbuka bibi yake, akaona haya kwamba aliwahi kumtilia shaka. Kisha akaondoka mbio hadi kwa Sungura, akamweleza kila kitu.

"Nakuamini, dada," alisema Sungura. "Lakini neno la mfagizi na machozi ya Fisi, Simba atachagua machozi. Tusimwite mwongo. Tumpe heshima."

"Heshima tena? Si anayo tele?"

"Tumwongezee, mpaka imwelemee."

Siku ya kuzindua sanamu ikafika. Mbayuwayu akavuta majani yaliyoifunika, na hapo akaonekana Fisi wa udongo, shingo juu, kitambi mbele kama mtungi. Wanyama wakapiga makofi ya adabu. Sungura akasogea.

"Mtukufu, tumeona babu, sasa tumwone mjukuu. Kisima kimejaa tope na maji yanakwisha. Nani wa kukifukua kama si mwenye damu ya mchimbaji? Ashuke tumshangilie."

"Naam!" akanguruma Simba, maana shangwe ilimfurahisha.

"Mtukufu, leo mgongo wangu..." Fisi akaanza.

"Babu yako alichimba siku saba na njaa," alisema Simba. "Wewe chimba mpaka adhuhuri, na umeshiba."

Umati ukahamia kisimani, Fisi akashuka huku anashangiliwa. Chini kabisa ya kisima palikuwa na tundu jembamba kwenye mwamba, na maji yalitokea humo. Mfukuaji alipaswa kulala kifudifudi, pua topeni, akwangue taratibu. Fisi hakutaka kuchafua manyoya mbele ya umati. Akakwangua kidogo kwa ncha ya mguu, akapumzika, akakwangua tena. Alipoona Simba anachungulia juu, akakosa subira, akajitosa tunduni kwa nguvu zake zote. Kichwa kikapita, mabega yakapita, kitambi kikakwama.

"Nitoeni!" Sauti yake ilipanda kisimani hadi kwa wa mwisho kwenye foleni. "Nakufa! Babu hakuchimba! Wallahi babu hakuchimba hata shimo la mfupa!"

Muhanga hakungoja kutumwa. Alishuka, akalala kifudifudi kando ya Fisi, akaanza kufukua. Mara kucha zake zikagusa mikwaruzo ya zamani ukutani mwa mwamba, minne, mirefu. Akaweka mkono wake juu yake, na kila ukucha ukaingia mahali pake. "Bibi," alisema kwa sauti, na machozi yakamtoka bila kuona haya. Akafukua mpaka Fisi akachomoka, na nyuma yake maji safi yakabubujika.

Simba alishuka mwenyewe kuitazama ile mikwaruzo. Alipopanda, hakunguruma. Aliamuru ukoo wa Muhanga uteke kwanza, na Fisi abebe mitungi ya wengine mpaka mvua inyeshe, kisha anywe wa mwisho. Jioni hiyo mtoto mdogo wa Muhanga alikunywa mpaka akashikwa na kwikwi, akaanza kuwasumbua ndugu zake kama zamani.

Mbayuwayu akaimwagia maji sanamu ya Fisi, akaukanda upya udongo uleule. "Nimsimamishe bibi yako kifua mbele, kama wenzake?" akauliza.

"Hapana," alisema Muhanga. "Sikumbuki kumwona bibi kifua mbele. Mfanye ameinama."

Ndivyo alivyo hadi leo, wa pekee aliyeinama katika ukumbi wa wanaojidai, na wanyama waendao kisimani humpitia kwanza. Fisi naye hupita na mitungi yake akitazama pembeni, na kila akipita, Sungura humwambia kwa upole: mtaka cha mvunguni sharti ainame.