Mtu wa Tano Ulingoni

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu bali zamani hii ya juzi, ya runinga zenye kisogo na antena za kuzungushwa kwa mkono, palikuwa na mji wa mkonge, na katika mji huo palikuwa na ghala kubwa la bati. Mkonge ulipoanguka bei, ghala likabaki tupu na popo wakahamia. Kisha akaja Mzee Kilua. Akafukuza popo, akajenga ulingo katikati, akafunga taa nne juu yake, akaita watu wa runinga. Tangu hapo, kila Jumamosi saa kumi alasiri, mieleka ikarushwa moja kwa moja, na mji mzima ukawa kimya kama mji uliohamwa.

Bingwa wa ukumbi ule alikuwa Semkiwa, mtu wa miaka arobaini na moja, shingo nene, sauti ndogo. Ulingoni aliitwa Fahali. Mkanda wa ubingwa, ngozi ya nyati na bamba la shaba, ulikuwa kiunoni mwake mwaka wa saba.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mieleka ile haikuwa ugomvi. Nani atashinda, nani ataanguka, nani atalia, yote yalipangwa Ijumaa katika chumba cha nyuma, kwa chai na maandazi. Watazamaji wengine walijua, wengine hawakutaka kujua. Lakini sheria ilikuwa moja: asiseme mtu mbele ya kipaza sauti kwamba ni mchezo. Atakayesema, hana kazi.

Ijumaa moja wakapanga hivi. Semkiwa atapigana na Dilunga, kijana mwepesi aliyeitwa Radi. Dakika ya ishirini taa zitazimwa kwa hesabu ya kumi. Zikiwaka, watu wanne wenye magunia ya katani vichwani watakuwa ulingoni. Watamvamia bingwa, watampiga, watamwacha chini, na pambano litaishia hapo bila mshindi. Watu watakwenda nyumbani wakiulizana, "Ni nani wale?" na Jumamosi ya pili watarudi.

"Wanne," alisema Mzee Kilua. "Mbwana na wenzake watatu. Magunia manne yameshashonwa, nimeyahesabu mwenyewe."

"Nani atanibeba?" akauliza Semkiwa.

"Mimi nitashika mabega, Kaka," akasema Mbwana, jitu la miraba minne. "Pandu atashika miguu. Tutakulaza chali kama mtoto. Halafu mimi napanda kona ya kamba, nakurukia. Unajua nitakavyotua."

"Najua."

"Na mimi nitasimama pembeni nacheka," akasema Dilunga, na wote wakacheka kabla ya siku.

Jumamosi ikafika. Ukumbi ulifurika. Kwenye meza kando ya ulingo alikaa Mwamvita, mtangazaji, mwanamke ambaye sauti yake ilijulikana hata na watoto wachanga wa mji ule. Mbele yake palikuwa na karatasi ya mpango, imeandikwa kila kitu. Semkiwa na Radi wakapigana dakika ishirini, wakaangushana, wakanyanyuana, watu wakapasua makoo. Kisha taa zikazimika.

Semkiwa alisimama gizani akihesabu. Kumi ikafika, taa hazikuwaka. Kumi na tano. Nje jua lilikuwa kali bado, na siku zote mianya ya bati iliingiza michirizi ya mwanga, lakini sasa hata michirizi haikuonekana. Na watu mia tano waliokuwa wakipiga kelele, hapana aliyekohoa. Alipofika kumi na tisa, taa zikawaka.

Kwenye kona nne za ulingo walisimama watu wanne wenye magunia.

Na katikati yao alisimama wa tano.

Huyu alikuwa mrefu kidogo kuliko wengine, na gunia lake lilikuwa limelowa, linachuruzika maji mabegani. Semkiwa akawaza, "Mzee Kilua kaongeza mtu bila kuniambia." Hakupata nafasi ya kuwaza zaidi. Wale wanne walimvamia, wakampiga kwa ngumi zile za kazi, zenye kishindo kikubwa na maumivu kidogo, huku wakimnong'oneza kama wanamieleka wanavyonong'onezana: "Kushoto, Kaka." "Tumbo sasa, pole." Wa tano hakupiga wala hakunong'ona. Alizunguka nyuma yao polepole, kama mtu anayetafuta kiti chake.

Mbwana akashika mabega. Pandu akashika miguu. Wakamnyanyua Semkiwa juu ya vichwa vyao. Na hapo miguu ikaachiwa.

Hakutua chali. Alitua kwa shingo. Akasikia ndani yake mlio mdogo, mkavu, kama kijiti kimekanyagwa, kisha hakusikia tena mwili wake. Alitaka kupishanisha mikono kifuani, ishara ya mtu aliyeumia kweli, lakini mikono haikumjibu. Alitaka kusema, na sauti yake, ndogo siku zote, haikufika hata kwenye meno. Akaona juu yake taa nne, na kando ya taa akamwona Mbwana anapanda kona ya kamba, anapunga mikono kwa watu, na watu wanashangilia.

Aliona kifo chake kinashangiliwa.

Mwamvita alikuwa akitangaza, "Fahali yuko chini, Fahali yuko chini!" Akanyamaza. Alikuwa ameviona vidole vya Semkiwa. Kwa miaka sita alimtazama mtu huyu akianguka, na kila alipoanguka, vidole vyake vilipapasa sakafu. Leo vilikuwa vimelala. Mwamvita aliijua sheria. Akasimama, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mbwana, usiruke! Huu ni mchezo, jamani, ni mchezo tu, lakini shingo imevunjika kweli! Kaka Semkiwa hachezi! Hachezi!"

Ukumbi ukaangua kicheko, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Mbwana, masikio yake ndani ya gunia, hakusikia, na miguu yake ilikuwa imeshaiacha kamba. Aliyesikia ni Dilunga, aliyekuwa pembeni akicheka kama alivyopangiwa. Kicheko kikamfia mdomoni. Akajitupa juu ya Semkiwa, akatandaza mgongo wake kama paa. Magoti ya Mbwana yakatua hapo, uzito wote. Mbavu nne zikavunjika, moja ikatoboa pafu. Dilunga alilia mara moja tu, kisha akabingirika pembeni akitema damu ambayo haikuwa rangi.

Hapo wale wanne wakavua magunia. Walikuwa vijana tu, wamejaa hofu.

"Mkalisheni!" akapiga kelele mmoja. "Mpeni maji! Mwinueni apumue!"

Wakamshika Semkiwa makwapani wamwinue. Ndipo mikono miwili ikatokea nyuma ya kichwa chake, ikashika mashavu na kisogo, ikakaza. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Mbwana, mtu wa kunyanyua gunia la mahindi kwa mkono mmoja, alivuta vile viganja akashindwa kuvisogeza hata unene wa uzi. Semkiwa akaangalia juu. Aliona gunia lililolowa limeinama, na matundu mawili, na ndani ya matundu hakuona macho. Alijihisi kama mtu anayechungulia kisima.

"Wewe nani?" midomo yake ikauliza.

"Bado," ikajibu sauti ndani ya gunia.

Wale vijana wakarudi nyuma. Hakuna aliyethubutu kusogea tena. Nusu saa nzima mtu yule alipiga magoti na kichwa cha Semkiwa viganjani, hakutikisika, hakuhema. Mpiga kamera alisahau kuzima kamera, kwa hiyo nusu saa nzima, katika kila sebule ya mji, familia zilikaa kimya zikitazama mikono ile. Wapo waliozima runinga. Wapo wanaosema walizima na picha haikuondoka.

Daktari akaja na machela. Akapiga magoti, akasema, "Niachie sasa, nimeshamshika." Mikono ikaachia. Daktari alipoinua uso ashukuru, aliwaona vijana wanne vichwa wazi, na magunia manne sakafuni. Wa tano hakuwapo. Aliyemwona akitoka mlangoni hayupo hadi leo. Palibaki duara la maji pale alipopiga magoti, na halikukauka siku tatu.

"Aliyekishika kichwa hiki," daktari akasema hospitalini, "kama angekiachia mara moja tu, ningekuwa naandika cheti kingine."

Semkiwa alilala miezi tisa. Mkewe, Mwanakombo, alimlisha, alimwogesha, alimgeuza. Mwezi wa kumi akasimama. Mwezi wa kumi na moja akatembea kwa fimbo. Lakini ulingoni hakuweza kurudi tena, na mkanda ulikuwa bado wake. Desturi ya ukumbi ule ilikuwa hivi: bingwa akistaafu bila kushindwa, mkanda haurudi kwa mwenye ukumbi. Bingwa huutoa kwa mkono wake, hadharani, kwa mtu mmoja anayestahili, na jina la mtu huyo huandikwa ukutani chini ya majina ya mabingwa wote.

"Utampa nani?" akauliza Mwanakombo.

"Sijui. Walioniokoa ni watatu, nimejaribu kuwapunguza wawe wawili. Kila nikimtoa mmoja, mke wangu, mimi nimekufa."

Mwanakombo akasema, "Wawili ni watu. Ukiwanyima watakununia, basi. Lakini yule mwingine, usije ukamfanyia masihara."

Jumamosi, saa kumi alasiri, kamera zikawashwa. Mzee Kilua akaweka viti vitatu ulingoni. Cha kwanza alikaa Mwamvita. Cha pili alikaa Dilunga, akihema kwa shida. Cha tatu kikawa kitupu. Semkiwa akasimama mbele yao, fimbo mkono mmoja, mkanda mkono wa pili.

"Semeni," akasema.

Mwamvita akasimama. "Kaka, nilikuwa na kazi moja tu duniani, kusema. Nilijua neno moja lingenifukuza, nikalisema, nikafukuzwa siku ileile. Leo nauza vitambaa sokoni na hapana redio wala runinga inayonitaka. Nisingesema, Dilunga angeendelea kucheka na wewe ungekufa. Mkanda ni wangu."

Dilunga akasimama. "Kaka, nilikuwa na kazi moja tu duniani, kupigana. Nimeitoa pale juu ya kifua chako. Dada alisema, ndiyo, lakini neno halikuzuia magoti ya Mbwana. Mgongo wangu ndio uliyazuia. Na dada, nikuulize mbele ya watu: karatasi ya mpango ilikuwa mbele yako, imeandikwa wanne. Ulimwona wa tano tangu taa zilipowaka. Mbona ulinyamaza mpaka mtu akavunjika shingo?"

"Nilidhani Mzee kaongeza mtu," akajibu Mwamvita, na sauti yake ikashuka. "Na wewe? Ulikuwa hatua mbili kutoka kwake. Ulimwona anavyoanguka. Mbona ulicheka mpaka nilipopiga kelele?"

Dilunga akakaa.

"Na wa tatu?" akauliza Semkiwa. "Nani atamsemea?"

Watu wakatazamana. Akatoka Pandu, yule aliyeshika miguu, akapanda ulingoni.

"Nitamsemea mimi, Kaka. Kwanza niseme lililo dhidi yake. Mwaka mzima watu wanasema mikono yangu iliteleza kwa jasho. Haikuteleza. Nilipokunyanyua, mtu alinipumulia shingoni, pumzi baridi, ya maji. Nikageuka, nikaona yale matundu. Nikaachia. Asingekuja yeye, Kaka, usingeanguka."

Ukumbi ukavuma. Mzee Kilua akasimama kwenye kiti chake. "Basi ndiye mkosaji! Mkanda kwa aliyekuangusha?"

"Mzee, sijamaliza," akasema Pandu. "Dada Mwamvita alisema, na Kaka alikuwa bado anakufa. Dilunga alimfunika, na Kaka alikuwa bado anakufa. Sisi wanne tukaja kumwinua, tukimuua kwa huruma yetu. Nani alituzuia? Hawa wawili wamepoteza kazi, nasikitika. Yule hatujui amepoteza nini. Hatukumuuliza. Nasema kwa niaba yake: alichokiangusha, alikidaka. Mkanda ni wake."

Pandu akashuka. Mtu mmoja kutoka nyuma akapiga kelele, "Ugawe vipande vitatu!" Semkiwa akatikisa kichwa. Mkanda ukikatwa hauwi mikanda mitatu, unakuwa viraka vya viatu.

Akapiga hatua moja. Akamtazama Mwamvita, akaona mikono iliyopauka kwa jua la sokoni. Akamtazama Dilunga, akasikia pafu lake likipiga mluzi. Akakitazama kiti cha tatu. Hakikuwa na mtu. Lakini yeye aliyekuwa karibu nacho kuliko wote alikisikia kikilia, kama kiti kinavyolia mtu akiegemea nyuma kusubiri.

Semkiwa akainua mkanda.

Kamera inamtazama, mji umenyamaza, na mkono wake hauwezi kukaa hewani milele. Mimi mwenye kusimulia nimefika hapa, sina la mbele. Nyie mliokaa mkanisikiliza, msiniambie wote watatu, wala msiniambie hakuna.

Aliyesema, aliyefunika, au aliyeshika? Je, nani alistahili?