Banzi la Shangazi Mize

"Gumba likilia, weka ukili chini." Methali hii ilianza hivi, nanyi wana wa dada yangu mmebisha mlango ndio wenyewe, maana mimi nilikuwapo, na katika nyumba nzima ni mimi tu niliyemhurumia Shangazi Mize.

Kwetu mkeka wa bi harusi husukwa na shangazi yake, mkono wake peke yake. Ukiingia mwingine, wanawake husema ndoa ile ina mkono wa kuazima. Basi mama yenu Raya alipochumbiwa, Shangazi akasuka ukili, ule utepe wa kushonea mkeka, kutwa nzima, gumba likikandamiza kila chane ya ukindu. Mkeka haujafika nusu, akawa anashika kikombe cha chai kwa mikono miwili kama mtoto aliyeachishwa ziwa jana.

Raya akampeleka kituo cha afya. Daktari akamwambia afumbate gumba ndani ya ngumi, kisha ainamishe ngumi upande wa kidole cha mwisho. Shangazi, aliyezaa mapacha bila kuguna, akatokwa na machozi.

"Kano za gumba hupita kwenye ala, kama kisu kwenye mfuko wake, hapa kwenye kifundo cha mkono," daktari akasema. "Ala imevimba. Kila ukisuka, zinasuguana. Nakufunga banzi, kibao hiki cha kushikilia, gumba litulie, ukande kwa barafu, na ukili uache. Isipopoa kuna sindano, lakini ukisuka, hata sindano kazi bure."

"Niache mpaka lini, mwanangu?"

"Mpaka gumba linyamaze."

Wanawake wa upande wa bwana harusi walipokuja kuutazama mkeka, banzi halikuwapo mkononi. Shangazi alisuka mbele yao, akicheka nao, jasho likimchuruzika. Walipoondoka, ukili ulimponyoka na hakuweza kuuokota. Kwa aibu akakataa kurudi kwa daktari. Raya alitandikiwa mkeka wa plastiki wa dukani, na hadi leo Shangazi hufungwa kanga na mkwewe.

Hivyo ndivyo nilivyowasimulia watoto hao wa Raya. "Nilimsihi asilivue banzi," nikamalizia. "Ukaidi wa wazee."

Raya alikuwa mlangoni, ungo mkononi. "Kaka Khatibu, nani alimwambia Shangazi avue banzi, akaliita mwiko, wakwe wasije wakadhani anakwenda kusonga ugali? Na zile kamba za banzi alizifungua nani?"

Watoto wakacheka. Kisha wakamtazama Shangazi barazani, mkono wake umelala mapajani.

"Gumba likilia, weka ukili chini," Raya akasema. "Wewe ulimrudishia mkononi."