Mfuko wa Jini Sarmadi

Dobi Mwanashehe alikuwa akikamua shuka kando ya kisima, katika mji wa Zahrani, enzi za Sultani Mudhafari bin Ghanimu, mwenye farasi wa shaba na bustani zinazoimba, pale jirani yake Bi Sikitu alipomjia mbio, mtandio mkononi.

"Mama Radhia, acha shuka! Zulia la Seyyid Haithamu limemgonga mwanao sokoni!"

"Yuko wapi?"

"Hayupo. Jini amemfagia."

Seyyid Haithamu alikuwa mwana wa Sultani, na yeye na mkewe Bibi Lulua walipendeza mno kutazamwa, na zulia lao liliruka kwa kasi ya kipanga, na popote walipopita walivunja. Desturi ya mji ule ilikuwa hii: aliyevunja kitu cha mtu hubeba vipande kwa mikono yake mpaka mlangoni kwa mwenyewe, akakitaja. Sultani alishabeba hivyo mtungi wa muuza maji, na watu wakamwona. Lakini Haithamu alikuwa na pete, na pete ilikuwa na jini, Sarmadi, na Sarmadi alifagia vyote walivyovunja akavitia mfukoni mwake, wao wakaenda zao.

Mwanashehe akaingia barazani kwa Sultani na povu mikononi. "Bwana wetu, namtaka mwanangu Radhia."

"Haithamu," akauliza Sultani, "umemgonga mtoto?"

"Huenda, baba. Tulisikia kishindo kidogo. Lulua akasema ni kapu."

Sarmadi akaitwa, akasimama kichwa kikigusa dari. "Niliamriwa kuondoa kila kinachovunjika. Mguu wa binti ulivunjika, nikauondoa, na binti akaja nao. Mkono wangu hutia tu. Kutoa ni kwa mkono wa aliyevunja, kimoja kimoja, kwa kukitaja kitu na mwenyewe, na kilichotangulia kuingia hutangulia kutoka. Vyungu havivuti pumzi. Binti ana pumzi ya kumfikisha magharibi."

"Maskini!" akasema Bibi Lulua. "Tumpe mama huyu shamba la mitende, yaishe."

"Mtoeni kwanza, bibi," akasema Mwanashehe. "Shamba tutalizungumza nikishamwona."

Haithamu akatia mkono, akatoa kigae cha buluu, akakigeuza huku na huku. Hakukijua. Lakini Mwanashehe alifua nguo za nusu ya mji, na katika kupokea nguo alisikia malalamiko ya kila nyumba.

"Sema: bakuli la Bi Sikitu."

"Bakuli la Bi Sikitu."

Ikafuata fimbo ya mzee Dahoma, na gambusi la mpigaji wa sokoni, na vyungu visivyokwisha, mpaka alasiri Haithamu akapiga kelele, "Kidole kimekatika! Niitieni tabibu, tutaendelea kesho."

Mwanashehe akachana upindo wa mtandio wake, akamfunga barabara kama anavyowafunga wanawe. "Haya, Seyyid. Endelea."

Na mawaziri wakamtazama kwa mastaajabu, kwani hakulia wala hakupaza sauti, na jua lilikuwa likishuka.

Hapo Bibi Lulua akavua bangili, akatia mkono, akatoa kioo kilichopasuka. Kabla hajaambiwa akasema polepole, "Hiki nakikumbuka. Ni cha kinyozi Rajuu. Alituita, sisi tukapaa."

Tangu hapo wakatoa kwa zamu, mikono imechubuka mpaka viwikoni, na jua lilipogusa ukuta wa mji Haithamu akashika kitu chenye joto.

"Radhia," akasema, "binti wa Mwanashehe." Akavuta.

"Mama," akasema mtoto, "humu mna vumbi."

"Nimekuona. Usiukanyagie huo mguu."

Mfuko ulipokuwa mtupu pete ikapasuka, na Sarmadi akawa huru, na jambo la kwanza alilolifanya kwa hiari yake ni kuunga mguu wa Radhia. Sultani akaamuru vipande virudishwe kwa mikono, na Haithamu na Lulua wakabisha hodi mji mzima kwa miezi saba, na waliokuwa wakiwaficha vyombo vyao wakaishia kuwatolea viti. Shamba likatolewa pia, kwa kuwa Mwanashehe alikumbusha. Basi mwenye kusikia na ajue kwamba hakuna utukufu unaomzuia mtu kuinama akaokota alichokivunja.

Jioni ile ile aliyotolewa Radhia, Mwanashehe alipakua wali na kunde. Sarmadi akasimama mlangoni. "Sina pa kwenda."

"Nawa mikono, uingie. Jikunje, nyumba ni fupi."

Akawahesabu: Radhia na nduguze Mbwana, Kibibi na Shomvi, Bi Sikitu aliyekuja kutaka habari, na jini. Wote wapo. Wakala.